Dawa ya Kuchelewesha

Jumatatu, 4 Julai 1977

Nimerudi kutoka hospitali kubwa. Nimevua viatu, nimekaa. Chai imepoa mbele yangu. Haina sukari, kwa hiyo hata ikipoa si kitu.

Ni makovu. Ndivyo alivyosema daktari. Si kifua kikuu kama walivyodhani mwaka mzima, na zile sindano zote nilizodungwa zilikuwa bure. Daktari huyu ni mpya, Mkongomani, jina lake Zéphyrin, na Kiswahili chake ni cha kwao. Alitazama kucha zangu kwanza — kucha! — akaniuliza tangu lini zimevimba na kujikunja hivi. Sijui. Nani huangalia kucha zake? Kisha akaweka kipimo chake mgongoni, akaniambia nivute pumzi, akasikiliza kwa muda. Akainua picha ya eksirei dirishani ili mwanga upite.

"Mama, mapafu yako iko na makovu," akasema. "Ni kama mtu aliungua na moto, ngozi inakauka, inakaza. Sasa hii ni ndani."

Nikauliza, ni moshi wa jikoni? Pengine. Pengine ni kitu kingine. Hawajui.

Nikauliza dawa. Akasema ipo. Vidonge, predinisoloni. Nimeze kila asubuhi baada ya kula, nisiruke siku, na nisije nikaacha ghafla. Hili la kuacha ghafla alilirudia mpaka nikaona haya, kana kwamba nilikuwa nimeshaacha. Halafu akasema: "Haiponyeshe, mama. Inachelewesha tu."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kama mtu aliyepewa mkate.

Dirisha la dawa hapo hospitali: hawana. Duka la dawa mjini: hawana. Yule wa dukani hata karatasi ya daktari hakuisoma, alitikisa kichwa tangu nikiwa mlangoni.


Jumamosi, 9 Julai 1977

Tajudin amerudi kutoka Kisumu na vidonge! Ndugu yangu huyu, tangu marehemu mume wangu afariki yeye ndiye mwanamume wa ua huu. Mlango wake unatazamana na wangu. Anakwenda na lori kuvuka mpaka, analeta chumvi, sabuni, betri, anauza. Safari hii alileta na dawa yangu.

Anasema kwenye kizuizi cha barabarani askari waliishika chupa ya vidonge wakamuuliza ni nini. Akawaambia ni dawa ya kuhara, na kwamba mgonjwa ni yeye, na kwamba hajui kama atafika Kampala salama. Wakamrudishia upesi wakamwambia apande lori lake aende. Mkewe, Mariamu, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikicheka nakohoa, kwa hiyo nilitabasamu.

Nimemeza. Vidogo, vyeupe, vichungu kuliko kwinini.


Jumatano, 20 Julai 1977

Kikohozi kimepungua. Jana nilipanda kutoka sokoni na mihogo, sikusimama kila nguzo ya umeme, nilisimama pale kwa fundi viatu tu.

Lakini njaa! Nakula kama mwenye mimba. Matoke ya jana, ya baridi, nimeyala nimesimama jikoni. Usiku macho makavu, hayafungi. Na uso unaanza kuwa mviringo. Wasichana wangu wa chuo cha Kurani wamenong'onezana, kisha mmoja akasema kwa adabu kwamba mwalimu amenenepa, alhamdulillahi. Unene mwaka huu ni sifa. Mtu mnene Kampala hii wanamwita mafuta mingi, wanadhani ana magendo yake.

Kusoma ndiko bado. Nikisoma Kurani mbele yao pumzi inakatika katikati ya neno, pasipo kituo. Nawakataza wao wasikate, halafu nakata mimi. Wanainua macho. Siku hizi naonyesha kwa kijiti tu, wao ndio wanaosoma.


Ijumaa, 22 Julai 1977

Gari limesimama mbele ya ua. Jeupe, safi, kama ya wakubwa wa jeshi. Mariamu aliacha mchele kwenye ungo, akaingia ndani akafunga mlango. Majirani wote walikumbuka kazi za ndani. Mimi sikuweza kuinuka upesi, nikabaki mkekani.

Alishuka mwanamke. Kijana, mrefu, gauni refu jipya, kitambaa kichwani amekifunga kama anayekwenda kulima.

"Wewe ndiyo mwalimu ya Kurani?"

"Mimi."

"Mimi bibi ya Kapteni. Bwana yangu anasema lazima mimi nijue kusali vizuri kabla ya Ramadhani. Anasema naaibisha yeye mbele ya wageni." Alisema taratibu, macho chini. "Gari itakuja kuchukua wewe. Jumanne na Alhamisi."

Hakuuliza kama nina nafasi. Nadhani hakujua kwamba mtu huuliza.

Jioni nimemwambia Tajudin. Akasema, dada, ungejibu nini, hapana?


Alhamisi, 28 Julai 1977

Nyumba iko Bukoto. Ni ya Wahindi waliofukuzwa, ukutani bado kuna mraba mweupe palipokuwa na picha yao. Viti vizuri, baraza pana linalotazama kilima cha Naguru, penye kambi ya polisi ambayo anayeingizwa harudi. Lakini haketi barazani. Tunasomea jikoni, nyuma. Alisema mbele kuna baridi. Hakukuwa na baridi.

"Bwana yangu ananiita Zaituni," akasema. "Yeye akiwa hapa, mimi Zaituni. Wewe niite Atim."

Atim ni jina la kwao, Lango. Walango waliokuwa jeshini, sote tunajua yaliyowapata, na hakuna anayesema. Ndugu zake walikuwa askari. Alitaja hivyo tu, walikuwa, akaendelea kupanga vikombe. Sikuuliza.

Ana kichwa chepesi. Anashika aya kwa kusikia mara chache. Anashika hata mahali ninapokata pumzi — akasoma na kukata pale pale nilipokata mimi! Nikamwambia hapana, hapo ni ugonjwa wangu, si Kurani. Akanitazama. Nikamweleza kidogo, mapafu, vidonge.

"Na hiyo dawa unapata wapi?"

"Ndugu yangu hunitafutia."

Nikanyamaza hapo. Nafikiri nilinyamaza hapo.


Jumatatu, 8 Agosti 1977

Kwa daktari. Aliniambia nitembee na nesi mpaka mwisho wa korido na kurudi. Nikarudi. Akasikiliza mgongo.

"Haijaongezeka, mama! Mwezi moja ni kidogo, lakini haijaongezeka. Iko pale pale."

Alifurahi kweli, nesi naye. Nikaona wananingoja nifurahi. Nikasema alhamdulillahi. Kisha nikajitazama ndani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Sikukuta kitu. Si huzuni, si furaha. Labda ni vidonge. Labda ni mwaka huu.

Nikamuuliza kuhusu Ramadhani. Usifunge, akasema. Nikamwambia mimi ni mwalimu, wasichana wataniangalia. Akasema basi nimeze wakati wa daku na nile vizuri, na nikiona kizunguzungu ninywe maji mchana huo huo bila kubishana. "Mungu anajua mapafu yako. Ni yeye aliitengeneza."

Akarudia tena: nisiache ghafla. Mwili umeshazoea kusaidiwa, umesahau kazi yake. Ukiacha mara moja, utaanguka.


Alhamisi, 11 Agosti 1977

Tajudin ameondoka asubuhi na lori la Ogutu, yule dereva Mjaluo anayebeba naye mizigo siku zote. Anataka kuwahi kabla ya mfungo. Mariamu amemwagiza tende na sukari. Mimi vidonge, na betri za redio akipata. Alibishana na Mariamu juu ya shati mpaka mlangoni. Kisha wakaondoka.


Jumatano, 17 Agosti 1977

Tumeanza kufunga. Daku nimekula ugali na maziwa, nikameza. Adhuhuri njaa ya dawa ilinijia kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Nimevumilia. Nimefuturu kwa uji.

Tajudin bado. Kwa kawaida angekuwa amerudi. Mariamu anasema labda tende zimekuwa adimu huko nako.


Jumamosi, 20 Agosti 1977

Ogutu amekuja. Kwa miguu, bila lori. Alikaa kwenye kizingiti, hakukubali kiti.

Walisimamishwa kwenye kizuizi, upande huu wa Jinja. Si askari wa siku zote. Watu wenye mashati ya maua na miwani, wale wa usalama. Wakamteremsha Tajudin na mfuko wake. Ogutu akateremka pia, wakamwambia yeye aendeshe, aende.

"Nikaendesha, mama," akasema. "Nikaendesha."

Mariamu akamuuliza alikuwa amevaa shati gani.

"Ya buluu."

"Nilimwambia avae la kijani," Mariamu akasema. Akaingia ndani. Tukasikia anachekecha unga. Alichekecha muda mrefu sana.

Ogutu anarudi kwao Kisumu, harudi tena Uganda. Alinipa mkono.


Jumatatu, 22 Agosti 1977

Mariamu amezunguka. Kituo cha polisi, kituo kingine, kwa mjomba wake anayefanya kazi serikalini, ambaye hakumfungulia mlango. Kila mahali wanamwambia huyo mtu hatuna. Hata kuliandika jina lake wamekataa.

Mimi nilikwenda kwa daktari. Vidonge vinakwisha. Akafungua kabati lake lote nione, pamba na chupa za dawa ya vidonda. Hakuna. Akanieleza jinsi ya kupunguza: nikate kwa kisu, nusu, baadaye robo. Polepole, mwili uamke. Nikamuuliza, na makovu? Akatazama dirishani.

"Makovu itaendelea," akasema.

Afadhali anasema kweli.


Alhamisi, 25 Agosti 1977

Nilikuwa nimeapa nisimwambie Atim kitu. Mariamu amenipigia magoti jana — Mariamu! — wifi, tafadhali, wewe peke yako ndiye unayeingia katika nyumba ya mmoja wao. Nikaogopa. Ukitaja jina la mtu kwa watu hawa, hujui unamwokoa au unamkumbusha muuaji kazi yake.

Leo nimetaja. Tulikuwa jikoni, Juzuu iko wazi. Nilisema jina la Tajudin, siku aliyokamatwa, mahali. Nikasema pia kwamba dawa yangu inakwisha — ilinitoka tu, kwa sababu nilikuwa nahema naye aliniuliza.

Atim alifunga Juzuu.

"Mwalimu, sikia. Naweza kuuliza yeye kitu moja. Moja tu, siku amefurahi. Nikiuliza mbili, atajua kuna mtu ametuma mimi. Wewe sema. Dawa ama kaka?"

"Kaka."

Nilisema kabla hajamaliza. Naandika hapa kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyesikia. Wala sijisifu, mdomo ulisema wenyewe, sikuusukuma.

Akaitikia kwa kichwa, sawa. Mikono yake alikuwa ameibana mapajani. Ndipo nikafahamu anaogopa kuliko mimi. Mimi nitarudi kwangu Kisugu, yeye atalala humo.


Jumapili, 28 Agosti 1977

Nusu kidonge. Mifupa inauma. Asubuhi niliinama kuchukua ndoo, dunia ikazunguka, nikakaa chini na ndoo. Nimekunywa maji. Mfungo umekatika, nitalipa, Mungu akinipa pa kulipia.

Mariamu aliniona nakunywa.

Wasichana nimewarudisha nyumbani mpaka baada ya Idi. Ua umekuwa kimya. Kikohozi kimerudi.


Jumanne, 30 Agosti 1977

Nitaandika taratibu.

Gari lilikuja. Nilipanda kwa taabu, dereva alinitazama kwenye kioo. Atim alikuwa jikoni, Juzuu hakuitoa. Aliweka mezani bahasha ya kaki.

"Niliuliza," akasema. "Nilitaja jina ya kaka yako. Yeye akala, akamaliza, akanawa. Leo asubuhi akanipa hii. Akasema: mpe mwalimu yako dawa yake, na hiyo jina nisisikie tena katika nyumba yangu."

Nikafungua. Predinisoloni. Vingi. Vya kunifikisha mbali sana kupita Idi.

"Ulimtajia dawa?" nikamuuliza.

"Sikutaja."

"Atim."

"Wallahi, mwalimu. Kitu moja. Nilitaja kaka tu. Mimi mwenyewe nilishangaa."

Maji yalikuwa yanachemka jikoni, hakuna aliyeinuka kuyatoa.

Basi nani alimwambia Kapteni kwamba mimi naumwa? Nani alimwambia dawa ni ipi? Ni mtu mmoja tu aliyeibeba kwenye mfuko wake. Tajudin amesimama mahali fulani, mbele ya mtu fulani, akasema: hivi ni vya dada yangu, yule mwalimu wa Kurani wa Kisugu. Safari hii hakusema dawa ya kuhara.

Alipokuwa akisema alikuwa hai. Hilo ndilo nililo nalo. Sijui lilisemwa siku gani. Mpe mwalimu dawa yake, na jina nisisikie tena. Nageuza maneno hayo huku na huku. Mtu aliye hai hurudishwa na dawa yake mfukoni. Au labda hapana. Labda hivi vidonge vilichukuliwa pale barabarani tu, naye yuko mahali pengine kabisa anangoja.

Nilimwambia Atim tusome. Akasoma Fatiha yote bila kosa. Alisimama penye vituo vyote.


Jumatano, 31 Agosti 1977

Nimemwambia Mariamu. Nilimwambia yote, kama nilivyoandika hapa juu. Niliweka bahasha katikati yetu mkekani.

Aliitazama bahasha, hakunitazama mimi.

"Kwa hiyo ulipata vidonge," akasema.

"Niliomba Tajudin."

"Ulipewa nafasi moja, wifi. Ukarudi na vidonge."

"Mariamu, naapa—"

"Usiape. Tuko Ramadhani." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nimepiga magoti mbele yako. Wewe unakunywa maji mchana, na mume wangu sijui kama amepewa maji."

Nilitaka kujibu. Kikohozi kikanishika, kirefu, kile cha kuinamisha. Kilipokwisha alikuwa ameshaingia kwake. Kikohozi changu kilionekana kama ujanja. Hata mimi nilikiona hivyo.

Maana ya vidonge hivyo sikumwambia wazi. Nilidhani ataiona mwenyewe. Labda ameiona, ndiyo maana anachagua kunikasirikia mimi. Mimi niko hapa, ninakasirikika.


Ijumaa, 2 Septemba 1977

Jana gari halikuja. Sijui kwa nini.

Siku mbili bahasha ilikaa juu ya kabati. Nilimeza robo zangu za zamani mpaka zikaisha. Leo nilipoamka sikuweza kukaa kitako. Mwili mzima kama nguo iliyokamuliwa. Nilitapika maji ya njano. Nikakumbuka daktari: utaanguka.

Nikavuta kiti, nikapanda, nikatoa bahasha. Nilikaa nayo. Nikajiambia hivi ndivyo vilivyokuwa kwenye mfuko wake. Amevibeba kutoka Kisumu. Kama nitakufa navyo viko juu ya kabati, safari yake ilikuwa ya nini? Na nikimeza, nameza nini? Nilingoja jibu kama unavyongoja mtu mlangoni. Hakuja mtu.

Nilikula kipande cha muhogo, nikameza. Vichungu vile vile.

Adhuhuri niliweza kutembea mpaka mlangoni. Alasiri nilisikia njaa. Nina aibu kuandika: nilipika mayai.


Jumapili, 4 Septemba 1977

Pumzi imerudi kidogo. Mwili huu hauna adabu, unapona tu.

Mariamu anapika futari yake peke yake, anaweka sahani ya Tajudin, anaifunika. Anapomaliza kula anaifunua, anawapa watoto wa jirani. Kila jioni. Nimemsalimia, akaitikia. Si zaidi.

Nilipita karibu na dirisha lake, nikasikia anarudia Fatiha. Polepole, herufi kwa herufi, kama mwanafunzi. Mariamu anajua Fatiha tangu utotoni. Nilishangaa kwa nini anaifanyia mazoezi.


Jumanne, 6 Septemba 1977

Sasa najua kwa nini.

Saa nane gari lilikuja kunichukua. Nilikuwa nafunga viatu ndani, kuinama kwangu ni kazi. Nikasikia Mariamu uani anamwambia dereva: mwalimu anaumwa leo, mimi ndiye mwalimu. Dereva akauliza kitu. Akamjibu: Bibi Kapteni anajua.

Atim hajui chochote!

Nilitoka na kiatu kimoja. Alikuwa ameshaketi nyuma. Amevaa lile buibui lake la arusini, Juzuu yangu iko mapajani mwake, aliichukua mezani kwangu asubuhi nami sikuona. Akanitazama kupitia kioo. Nilifungua mdomo kumwita. Niliikusanya pumzi yote iliyopo kifuani, jina lake likatoka kama mluzi, hata kuku hawakugeuka. Gari likazunguka. Nilijaribu kukimbia. Nilifika kwenye nguzo ya ua, nikaishika, nikaona giza.

Jina nisisikie tena katika nyumba yangu. Nilimwambia Mariamu maneno hayo. Niliyarudia kama alivyoyasema Atim, neno kwa neno. Hakuyaamini kwa sababu niliyasema mimi. Na leo Jumanne, na baadhi ya Jumanne Kapteni hukaa nyumbani, hilo sikumwambia.

Jirani, mama wa Nanyama, alinikalisha kwenye ngazi. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna. Akaleta maji, nikakataa, halafu nikayanywa.

Nimekaa hapa dirishani tangu wakati ule. Naandika ili mkono uwe na kazi. Somo huisha saa kumi. Saa kumi imepita. Nimefikiri kwenda kwa miguu mpaka Bukoto, nikacheka kidogo. Hata mpaka kwa fundi viatu siwezi leo. Nimefikiri daktari. Nimefikiri mjomba asiyefungua mlango. Kisha nikaacha kufikiri, kumebaki kuhema tu, ndani, nje, na mlio kama wa karatasi kifuani.

Mariamu hajaweka sahani leo. Futari haijapikwa, jiko lake ni baridi. Nimewasha langu. Nimeweka viazi vya kutosha. Sijui vya kutosha nani.

Jua limeanza kushuka upande wa mjini. Watu wananunua mandazi ya kufuturia barabarani, nasikia wanabishana juu ya bei.

Gari. Ni lile, naujua mngurumo wake. Linapanda. Limesimama mbele ya ua.

Mlango wa dereva umefunguka na kufungwa. Nasikia viatu vyake vinazunguka gari, haviharakishi.

Mlango wa nyuma, upande alioketi Mariamu, bado.